Wa Pili Kuanguka Ukutani

Al Khuwair, Maskati
9 Septemba 2024

Kwa Bi Mahfudha, shemegi yangu mkali,

Salamu sitozirefusha, nnajua utaziruka. Mwalimu aliyesomesha miaka thalathini na sita hana subira na salamu, anatafuta kosa la kwanza aliwekee wino mwekundu. Basi tafuta. Mie skuli niliiacha darasa la tano, na hilo darasa la tano lenyewe nilikaa dirishani.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako yamestaafu kabla yako. Mara ya mwisho nilikwambia Noof kapata kazi wizarani, ukanijibu, "Mungu amrehemu." Mtoto wa watu kalia.

Sasa khabari yenyewe. Nimemuona Khelef.

Tulia, sijafa. Nimemuona kwenye ile sinema ya ngome. Huyu Noof, mjukuu wa dada yetu Nasriya, ninayekaa kwake, kaitafuta kwenye kompyuta siku tatu. Jina la sinema silijui, nilimpa alama tu: Wangereza wamo ngomeni, Wapathani wako milimani, ni mpaka wa Uhindi, na huo Uhindi wenyewe ni Kenya. Kaniuliza, "Babu, wewe una wazimu?" Nikamwambia wazimu ni wa Wamarekani, waliosafiri mpaka Kenya kutafuta Uhindi, halafu wakenda Unguja na Mombasa kutafuta Wapathani. Na kaipata!

Miaka sitini na moja, shemegi. Ilipokuja Unguja nyote mkaiona ila mie, niliyekuwa Pemba kwenye karafuu kwa adhabu ya baba. Niliporudi nikamnunia Khelef kwa kuiona bila mie, sikutaka hata anihadithie. Nikajiambia ataniomba radhi, ntajifanya mgumu, halafu tutakaa tuizungumze mpaka tuchoke. Ikaingia Januari ile ya mapinduzi. Wakamchukua mlangoni na kanzu ya nyumbani, na picha zake zote zikenda na moto. Wewe mkewe huna picha. Mie nduguye sina. Duniani hakuna mwenye sura ya Khelef ila hao Wamarekani, na wao hawajui hata jina lake.

Sinema ni ya kuchekesha, ijapokuwa wao hawakukusudia. Steringi ni ofisa mwenye masharubu membamba kama nyusi za bibi harusi. Risasi hazimuoni. Farasi anaanguka, kofia ya bwana haisogei. Bastola yake ya risasi sita nimeihesabu, imepiga kumi na tisa bila kujazwa. Na Wapathani wanapoupanda mlima kwa hasira, Jemimah, Mkenya anayefanya kazi hapa nyumbani, kaacha pasi juu ya nguo: "Babu! Hawa watu wanaongea Kiswahili!" Wallahi kweli. Wakali wa mpaka wa Uhindi wanakimbilia kifo huku wakipiga kelele, "Chai iko wapi! Tumechoka!" Wazungu wamedhani ni maneno ya vita.

Sasa sikiliza. Barua aliyoniandikia Khelef kutoka huko Kenya ninayo. Ndiyo karatasi pekee niliyovuka nayo bahari. Kaniandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kama sote tulivyofunzwa: "Tumepangwa juu ya ukuta watu kumi na mmoja. Mie ni wa pili. Nitazame vizuri, nafa haraka." Basi nimetazama. Wa pili anageuka kabla ya kuanguka. Uso mzima, macho, meno. Anakutazama kama umemwita.

Tabu yangu moja. Jicho la kulia limezimika tangu mwaka jana. La kushoto, daktari kaniambia kwa adabu, kama mtu anayekuomba umpishe kiti: mpaka mwaka mpya, labda. Na nilipomuona huyu wa pili, sikusema "Khelef!" kama nilivyodhani ntasema. Nilimtazama kama mgeni. Sura ya ndugu yangu imenitoka, shemegi. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba, nani alijua kwamba uso wa mtu ni wa kuhifadhi kama msahafu?

Wewe ulikaa naye chumba kimoja miezi minne, na sinema uliiona. Niambie ndiye. Nimtazame yeye mpaka taa izime.

Shemegi yako, jicho moja,
Ghanim


Malindi, Unguja
1 Oktoba 2024

Shemegi Ghanim,

Barua yako imefika kwa mkono wa Kawthar, aliyetoka huko kwenu Maskati. Makosa thelathini na moja, na uongo mmoja. Sikusema "Mungu amrehemu", nilisema "Mungu amzidishie". Mwambie Noof.

Nimesikitika kwa jicho lako. Dua nakuombea kila sala, hilo huna haja ya kuniomba.

Sinema niliiona, ndiyo. Ilikuwa siku ya wanawake, Jumapili mchana, ukumbi mzima mabuibui na watoto wachanga. Kila Mpathani akianguka, wanawake wote "inna lillahi". Mpaka nusu ya sinema tulikuwa tumeshachoka kurehemu. Huyo steringi wako akitokea anazomewa. Bibi mmoja nyuma yetu alimrushia ganda la chungwa, likanata kwenye kitambaa palepale kwenye masharubu, tukacheka hata tukasahau vita.

Mama yenu alikaa kulia kwangu. Risasi ya kwanza tu ilipolia ukutani, kapiga ukelele, kainuka, katoka mbio bila viatu mpaka nyumbani. Kamkuta Khelef anakula muhogo wa nazi. Kamtia makofi mawili kwa kosa la kufa bila ruhusa, halafu kakaa chini kamkumbatia miguu.

Umeniuliza. Wa pili ndiye. Mtazame.

Usiniulize tena mambo haya, Ghanim. Mie niliolewa tena, nikazaa, nikazika mume wa pili nikalijua kaburi lake. La Khelef nimelifunga kwa sababu halina pahala pa kufungulia.

Mahfudha


Al Khuwair
22 Oktoba 2024

Kwa shemegi yangu, ngao yangu, wino wangu mwekundu,

Nilipofika pale penye "ndiye" nilimwita Noof aache wizara yake. Nikamwambia msomee babu tena. Kasoma. Nikamwambia tena. Mara ya nne kaniambia, "Babu, neno halibadiliki." Nikamwambia hilo ndilo ninalolitaka, neno lisilobadilika, uzuri ulioje.

Sasa kila siku nikishasali alfajiri nikanywa kahawa, Jemimah ananiwekea sinema pale pale anapogeuka ukutani na kuisimamisha. Nnasogeza kiti mpaka pua inagusa kioo, jicho langu na lake. Nimeshamjua. Ana kikovu juu ya nyusi ya kushoto, mie nilikisahau kabisa! Atakuwa alikipata utotoni. Ana pengo dogo la meno ya mbele. Nalo nilikuwa nimelisahau. Kila siku nnakumbuka kitu kipya.

Jemimah mdomo wake hauna mlango. Kasema, "Babu, huyu hafanani na wewe hata kidogo." Nikamwambia mie mwenyewe sifanani na mie.

Nimekwenda Ruwi na Noof, kwenye duka la Muhindi mmoja anayekuza picha. Nimemtoa Khelef kwenye sinema, nikamkuza ukubwa wa sinia. Muhindi kauliza, "Huyu ni muigizaji gani?" Nikamwambia muigizaji aliyewashinda wote, maana yeye alikufa kweli. Mtu akanitazama, akaifunga vizuri kuliko alivyotaka kuifunga mwanzo.

Moja nimeitundika barazani. Moja hii hapa yako. Nimeifunga kwa kadibodi mbili, akiikunja huyo Wael mtoto wa Kawthar atanijua. Na nimetia nakala ya barua ya Khelef, ile ya "wa pili", uone mwandiko wa mumeo. Nnajua na barua zako zilikwenda na moto.

Tena nimeamua. Januari tarehe kumi na mbili tunasoma khitma. Miaka yote nilikuwa nnasema nimsomee wapi, kaburi gani, uso gani? Sasa uso upo. Wanakuja ukoo mzima, wa Nizwa, wa Sur, na kila nyumba Noof ataipa picha yake, watoto wajue walikuwa na babu mzuri, si mimi tu.

Mistari inakwenda upande, nnajua. Si mkono, ni jicho. Pembeni kumeshaingia moshi. Katikati pamebaki tundu, na humo tunduni nimemweka yeye.

Ghanim


Malindi, Unguja
30 Novemba 2024

Ghanim, ndugu yangu,

Usimpe mtu kukusomea barua hii. Isome mwenyewe kwa hilo jicho, halafu nitukane unavyotaka.

Nilipoipokea bahasha yako niliifungua kwa pupa kama mtoto. Nilikuwa na tamaa yangu, sitaki kukuficha. Nikasema labda nimekosea miaka yote, labda Ghanim kaona sawasawa, na leo ntamuona. Nikageuza picha. Huyu bwana simjui.

Nilikudanganya. Khelef hakuwa wa pili.

Tazama tena ile barua yake. Nakuandikia kwa herufi za Kizungu kwa makusudi, maana nikiandika kwa zetu za chuoni ntakwandikia "si bili, ni bili" tubaki palepale. Chuoni hatukuwa na herufi ya "p", wala ya "mb", zote tuliandika "ba" moja. Wala "e" na "i" hazikuwa na tofauti. Neno aliloandika Khelef ni ba, ya, lam. Wewe umelisoma "pili". Yeye kaandika "mbele". Mie ni wa mbele. Ndiyo maana katia na "nafa haraka".

Sikulijua hilo mpaka uliponiletea nakala. Mie nilijua kwa njia nyengine. Nilikuwa ukumbini. Wa mbele anaanguka kabla hujajua kama vita vimeanza. Yupo kwenye ncha ya ukuta, ametupa mgongo, anatazama milimani. Risasi inalia, anakwenda. Hageuki. Uso wake haumo katika sinema ile, Ghanim, hata kwa kufumba na kufumbua. Mama alimjua kwa mgongo. Mie nilimjua kwa namna alivyopandisha bega la kulia, vile akifanya akiitwa na hataki kuitika.

Uliponiuliza nikafikiri: mzee jicho linamtoka, miezi mitatu imembakia, ana uso mbele yake umempa furaha. Nimwambie kwamba alichokitafuta ni mgongo? Nikaona niandike neno moja, nikuachie. Nilidhani ni zawadi. Nilikuwa mwalimu, nilishawahi kumpa mtoto alama asiyostahiki ili asilie, na kila mara ilinirudia.

Lakini khitma hapana. Ukoo mzima ukae chini umrehemu mtu wa watu, nyumba zote zitundike uso wa mtu aliyetoka sijui Mombasa, sijui Lamu, labda yu hai na wajukuu wake. Hapo sikuweza. Zuia picha zisitolewe. Khitma isome, jina linatosha.

Na wewe, kwa jicho lililobaki, mtazame wa mbele. Ni mgongo, lakini ni wake.

Nampa Wael, anarudi Maskati keshokutwa. Itakufikia upesi.

Nisamehe.
Mahfudha


Al Khuwair
19 Januari 2025

Kwa Bi Mahfudha,

Mwandiko huu ni wa Jemimah. Mie nnasema, yeye anaandika, na nimemwambia asisahihishe. Anasahihisha, nnamsikia kalamu inasita.

Barua yako iliyofika "upesi" nimeipata juzi. Wael kaja na uso wa mbuzi aliyekula khanga. Bahasha ilikaa kwenye mfuko wa begi lake wiki sita na siku. Kasahau. Ana kazi, ana mchumba, ana gari jipya. Sikumgombeza. Nikamuuliza tu begi lenyewe zuri? Kasema zuri.

Ulisema nisimpe mtu anisomee. Sikuweza kukutii. Jicho liliondoka tarehe ishirini na tisa Disemba, mchana, nikiwa nnakata kucha. Halikuuma. Nilidhani umeme umekatika, nikamwita Jemimah aulize majirani.

Kwa hivyo kanisomea yeye. Alipofika pale "huyu bwana simjui" kasimama. Nikamwambia endelea, mama, hapa pana utamu. Kaendelea na sauti nyengine.

Khitma ilishapita siku tano. Walikuja watu arobaini. Picha zimeshakwenda Nizwa na Sur. Bibi mmoja wa Nizwa kaibusu mbele yangu, kasema, "Kafanana na marehemu baba yake." Na mie nikamwambia sana! Noof anasema atapiga simu kila nyumba, kuwaambia waishushe. Nikamwambia mwanangu, utawaambia nini? Samahani, maiti si huyu? Waache. Huko aliko Khelef atacheka, alipenda mambo haya.

Jana nimemwambia Jemimah aweke sinema. Akae yeye anitazamie wa mbele. Nikamwambia sema kila unachokiona, usiache kitu.

(Mama, mimi Jemimah naandika hapa bila yeye kuniambia. Nilijaribu. Huyo mtu anaonekana muda mfupi sana. Nilisema "amesimama, ana nguo nyeupe, bega lake" na kabla nimalize ameshaanguka. Nilirudisha nyuma mara nyingi sana. Babu aliniambia, "Haya, bega limefanyaje?" Nikasema limepanda kidogo. Akaniuliza kidogo namna gani, na nikasimama nimuonyeshe na langu, halafu nikakumbuka hanioni. Akashika bega langu na mkono wake. Akasema, "Pandisha." Nikapandisha. Akasema, "Si hivyo." Nikajaribu tena. Akasema basi.)

Ameandika nini huyu? Kaandika mengi. Haya.

Nikasema nisikilize ukelele wake, sauti angalau. Wanalia wote kumi na moja sauti moja, shemegi. Mmoja wao Mmarekani kalia huko kwao mara moja, wakaibandika kwa wote. Hata ukelele wa kufa kwake kapigiwa na mtu mwengine.

Hasira nilikuwa nazo, zimekwisha. Ungenambia Oktoba ningekuwa na miezi miwili ya mgongo. Nimeipima hiyo na miezi miwili niliyokuwa nayo, na sijui ipi ningechagua. Hilo si neno.

Neno ni hili. Zamani, kabla ya sinema hii, nikimtaka Khelef alikuwa akija. Si sawasawa. Kwa mbali, kama mtu yuko nyuma ya pazia la bafu. Sikuweza kukuchorea lakini nilijua ni yeye. Sasa nikimwita anakuja yule wa pili. Anakuja na kikovu, na pengo, yuko wazi kuliko wewe, kuliko Noof. Nilimtazama miezi miwili, pua kwenye kioo, nikafanya bidii ambayo skuli sikuifanya. Nimemhifadhi. Nnamsukuma aondoke, anageuka, ananitazama kama nimemwita. Na giza hili halina kitu chengine ndani yake cha kutazama.

Nnakuomba, na sikufanyii maskhara. Wewe ulilala ukimtazama. Niandikie uso wake. Polepole, kitu kimoja kimoja, paji, macho, mashavu, kama unamwelezea mpolisi. Jemimah atanisomea kila asubuhi badala ya sinema, mpaka huyu mgeni atoke.

Ghanim
kwa mkono wa Jemimah, anayesema pole sana


Malindi, Unguja
12 Februari 2025

Ghanim,

Nimekaa na karatasi siku tisa.

Nilianza na paji. Nikaandika "lilikuwa pana". Nikafuta, kwa sababu niliuliza, pana kuliko la nani? Nikaenda kwenye macho. Nnajua alivyokuwa akiyafumba akicheka. Wazi, sijui. Pua niliandika mistari minne, nikaisoma, ikawa pua ya mwanangu wa kwanza, ambaye si wake.

Sauti ninayo. Ntakuandikia sauti ukitaka. Alikuwa akiita "Mahfu" na kuacha nusu ya jina mlangoni. Mikono yake ninayo, kidole gumba kilipinda nyuma. Jasho lake la shingoni. Namna alivyokuwa akikunja kanzu kabla ya kulala, mara tatu, kama bahasha.

Picha yako ilikaa mezani kwangu tangu Novemba. Sikuweza kuichana, ni mtoto wa watu. Sikuweza kuitundika. Nilikuwa nikiipita nikienda kutia udhu, mara tano kwa siku, na kila nikipita nnamwambia, "Wewe siye." Juzi nikafumba macho ili nimwandike Khelef kama ulivyoniomba, nikaandika haraka haraka bila ya kufikiri, ukurasa mzima, nikafurahi. Nilipousoma, palikuwa na kikovu juu ya nyusi ya kushoto.

Nimeuchana. Sina, Ghanim. Usiningojee.

Mahfudha